Kigoma na Tabora uje mwezi gani? Usitumie kalenda ya Dar

Mwandiga Juu (mwanzisha uzi)

Habari zenu ndugu zangu. Mtu akiuliza "Tanzania niende mwezi gani", jibu analopewa mara nyingi ni la Pwani au la Arusha: kwepa masika, kwepa vuli, njoo Januari au Julai. Anakata tiketi ya Januari, anashuka Kigoma, anakuta mvua iko katikati. Mwaka haujaharibika. Sisi huku hatuna masika na vuli, tuna mvua moja ndefu.

Sababu ni mwendo wa jua. Pepo za kaskazini na za kusini zinapokutana, hewa yenye unyevu hupanda juu na kuwa mawingu. Eneo hilo huitwa Ukanda Mvua, na hulifuata jua linaposhuka kusini na linaporudi. Dar, Tanga, Arusha, Kilimanjaro na kandokando ya Ziwa Victoria hupitiwa mara mbili: ukishuka wanapata vuli, Oktoba hadi Desemba, ukirudi wanapata masika, Machi hadi Mei. Kwetu magharibi ukishafika unakaa. Kwa hiyo Tabora, Katavi na sehemu kubwa ya Kigoma mvua huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba na kukoma mwishoni mwa Aprili, miaka mingine mwanzoni mwa Mei. Mamlaka ya Hali ya Hewa huziita mvua za Msimu, na huzitolea mwelekeo wake mbali na ule wa vuli na ule wa masika. Huo wa Msimu ndio wa kusoma kabla ya kulipia chochote huku.

Kuna jambo hata wenyeji huliruka. Mamlaka hiyo huziweka Kakonko na Kibondo kwenye kundi la vuli na masika, lakini Kigoma Mjini, Ujiji na Uvinza ziko kwenye Msimu. Mkoa mmoja, kalenda mbili. Ukiuliza habari za mvua ya "Kigoma", taja na wilaya.

Sasa miezi yenyewe. Juni na Julai anga ni kavu, majani bado yana kijani, usiku hupoa kiasi cha kutaka shuka zito, na Ziwa Tanganyika lina kusi, yaani upepo wa kusini. Agosti hadi katikati ya Oktoba ni ukavu kamili, vumbi, na moshi wa mapori yanayochomwa. Oktoba joto ndilo linalotesa, hasa Tabora, ambako mchana hufika nyuzi 32 au 33. Novemba huja mvua za kwanza, za radi na upepo. Januari au Februari mvua huweza kupumzika siku kadhaa, lakini usipange safari kwa kutegemea mapumziko hayo. Machi na Aprili ndiyo miezi ya kuacha kama huna shughuli ya lazima: mapito yanateleza, barabara za udongo zinanasa magari, na kambi nyingi za Hifadhi ya Mahale, kusini mwa Kigoma kando ya ziwa, hufungwa kati ya Machi na Mei.

Wenye ujuzi wa maji, reli na Tabora, tafadhali ongezeni.

Binti Isevya

Shikamoo kaka. Kuna wageni wanne, wana wiki tatu tu. Wanataka sokwe wa Hifadhi ya Gombe, nyumbu wakivuka Mto Mara, wapite Tabora, wamalizie Mafia kwa papa potwe. Mawakala wawili wamewapa miezi miwili tofauti, mmoja Julai, mwingine Februari. Yupi amesema kweli?

Mwandiga Juu

Marahaba dada. Kila mmoja ameangalia upande mmoja tu. Papa potwe wa Mafia huonekana kuanzia Oktoba hadi Februari hivi. Nyumbu huwa kaskazini ya Serengeti kati ya Julai na Oktoba. Februari wako kusini, Ndutu, wanazaa, na huku kwetu mvua inanyesha. Julai nyumbu na sokwe wapo, potwe hayupo. Februari potwe yupo, lakini hakuna wa kuvuka Mara.

Vitu vyote vinne hukutana kwenye nafasi moja nyembamba: wiki ya mwisho ya Septemba hadi wiki mbili za kwanza za Oktoba. Waanze Serengeti kaskazini siku tano, waruke hadi Kigoma kupitia Dar, wakae siku sita, washuke Tabora siku tatu, wamalizie Mafia kuanzia tarehe 10 au 12 Oktoba. Wasigeuze mpangilio huo. Potwe ndiye anayechelewa kuja, kwa hiyo Mafia iwe mwisho. Na kila wiki ya Oktoba inayopita inaisogeza Kigoma karibu na mvua, kwa hiyo Kigoma isiwe mwisho.

Siku sita za Kigoma zinaweza kuonekana nyingi. Mbili ni za Gombe, moja ya Ujiji na mjini, moja ya kupumzika, na mbili ni akiba ya ziwa. Mgeni asiye na akiba ya ziwa huishia kumlazimisha nahodha aondoke siku ambayo hakupaswa kuondoka.

Kibirizi Asubuhi

Hapo kwenye akiba umegusa penyewe. Boti za abiria za kwenda Gombe na vijiji vya kaskazini hadi Kagunga hutoka hapa Kibirizi, ufukwe wa boti wa Kigoma, mchana, na mwendo hadi Kasekela, kituo cha kushukia Gombe, ni kama saa tatu. Za kurudi hupita hifadhini asubuhi na mapema. Anayetumia boti ya kawaida basi lazima alale, na siku anayofika haihesabiki kwa sokwe kwa kuwa jua limeshaanza kushuka. Jumapili usizitegemee. Ukikodi boti yako, uliza mambo mawili kabla ya kutoa pesa: bei ni pamoja na petroli ya kurudi? Na ikilala huko, nahodha na msaidizi wanalipiwa na nani? Ugomvi mwingi wa hapa ufukweni huzaliwa kwenye maswali hayo mawili.

Wageni hudhani kiangazi maana yake ziwa limetulia. Sivyo. Kuanzia Mei hadi Septemba kusi huvuma kwa kufuata urefu wa ziwa, na ziwa hili lina urefu wa kilomita 670 hivi, kwa hiyo wimbi lina njia ndefu ya kukua kabla halijafika kwetu. Ukienda Gombe upepo unakusukuma kwa nyuma, na kazi utaikuta wakati wa kurudi. Ukienda Mahale unakupiga usoni tangu mwanzo: safari inayochukua saa nne au tano kwa boti ya kasi inarefuka, na injini inakunywa zaidi. Kosa la kawaida ni kupiga hesabu ya mafuta kwa ziwa tulivu. Gawa mafuta mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, na la tatu lisiguswe.

Wakati wa mvua ziwa huwa na tabia nyingine. Linaweza kulala kama kioo asubuhi nzima, kisha wingu jeusi linasimama, upepo unageuka, na dhoruba inafika kabla hujamaliza kukusanya vitu. Kusi unaweza kuisoma tangu jana yake. Dhoruba ya Novemba haikupi nafasi hiyo, kwa hiyo nahodha mzuri wa miezi ya mvua hutembea karibu na ufuko hata kama njia inakuwa ndefu.

Jaketi okozi livaliwe na kufungwa mikanda yote ukiwa bado nchi kavu. Lililowekwa chini ya kiti halina faida. La mtu mzima humchomoka mtoto, kwa hiyo dai la kimo chake.

Mtaa wa Lubengera

Nisaidie kwenye sokwe, mkuu. Nimesikia watu wakisema kiangazi ndiyo wanaonekana, wengine wanasema mvua.

Mwandiga Juu

Wote wako sahihi, tofauti ni kile mtu anachokiita kuona. Februari hadi Juni, na tena Novemba hadi katikati ya Desemba, sokwe hawatembei mbali sana, kwa hiyo kuwafikia ni rahisi zaidi. Julai hadi Oktoba wanazunguka eneo pana na unaweza kupanda saa nyingi kuwafuata, lakini mapito ni makavu, mwanga ni mzuri na picha zinatoka. Mwenye magoti mabovu anayetaka tu kuwaona, namshauri Juni. Mwenye kamera na miguu mizima aje Septemba.

Mlima wenyewe usiudharau. Ufuko uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa juu unakaribia 1,500. Septemba changarawe hubingirika chini ya soli. Machi ni udongo mwekundu unaoteleza. Viatu viwe na meno, suruali ndefu, na fimbo utakayoegemea wakati wa kushuka, maana kushuka ndiko kunakoangusha watu.

Kuna kanuni inayoharibu safari za watu kila kiangazi: mwenye mafua au kikohozi haruhusiwi kwenda kwa sokwe. Sokwe huambukizwa magonjwa yetu ya njia ya hewa, na mafua yetu madogo yanaweza kuwaua. Unavaa barakoa, unabaki umbali wa mita 10, unakaa nao saa moja. Vumbi na baridi za safari za Julai hadi Septemba huwapa wageni mafua, kwa hiyo Gombe isiwekwe siku ya kwanza baada ya safari ndefu ya basi. Muulize mhifadhi na umri unaoruhusiwa kabla hujaleta watoto, kwani wadogo huzuiwa.

Uvinza Chumvini

Naomba kupinga kidogo Septemba yenu. Mnasema mwanga mzuri, lakini moshi mnauficha. Kuanzia Agosti mapori yanachomwa upande huu na ule wa Kongo, na kuna siku mfululizo huoni milima ya ng'ambo kabisa. Jua linazama ndani ya ukungu wa kijivu kabla halijagusa mlima. Anayetaka kuona ziwa, milima na machweo yake aje mwisho wa Mei au Juni: mvua imeosha hewa, nyasi hazijakauka. Ukikosa Juni, asubuhi ya Desemba baada ya mvua ya usiku milima ya Kongo unaihesabu mikunjo.

Mwandiga Juu

Nimekubali, ni kweli. Nilijibu kwa ajili ya wageni wanaotaka na Mafia. Anayekuja magharibi peke yake, Juni inashinda Septemba, ila avumilie kusi. Kuna na suala la samaki, ambalo wenzetu wa Katonga wanalijua kuliko mimi.

Katonga Mwaloni

Ndiyo. Mwaka 2024 uvuvi ulisitishwa ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kabla ya kupanga Juni au Julai, ulizeni ofisi ya uvuvi tarehe za mwaka husika. Ziwa likifungwa, migebuka mibichi hupati na dagaa wa akiba hupanda bei. Mgeni aliyeahidiwa mgebuka wa kuchoma kwa ugali wa muhogo asilishwe samaki wa barafu.

Kwa anayetaka kununua dagaa wa kupeleka nyumbani, wakati mzuri ni baada ya ziwa kufunguliwa hadi katikati ya Oktoba. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa haina nguvu mwezi ukiwaka, kwa hiyo siku za mbalamwezi vipe, vyombo vya kuvulia dagaa, hubaki ufukweni. Wenye kalenda ya Kiislamu wana kipimo kizuri mkononi: tarehe 13 hadi 15 ni mwezi mpevu, msitegemee mzigo mpya. Giza la kazi huanza kama tarehe 20 na kuendelea hadi siku za kwanza za mwezi unaofuata. Ukija wakati huo, hata usiponunua kitu, panda kilimani usiku uangalie taa ziwani.

Kiangazi dagaa hukauka kwa siku moja ya jua kali. Mvua wanaanikwa, wanaanuliwa, wanaanikwa tena, na kila wakirudiwa wanapoteza rangi na kupata harufu. Wa kununua ni mweupe wa kung'aa, tumbo halijapasuka, ukimkunja anavunjika. Akipinda kama ngozi bado ana maji na atavunda kwenye mfuko. Chota kiganja, kung'uta juu ya karatasi nyeupe: mchanga ukibaki mwingi, alianikwa chini na si kwenye kichanja. Mfungashie kwenye karatasi kisha kiroba, usimzibe kwenye plastiki akiwa na joto la jua, atatoa jasho.

Reli ya Kati

Upande wa usafiri. Reli ya zamani kutoka Dar hadi Kigoma ina kilomita 1,254, na ilifika hapa mwaka 1914. Mahali pake dhaifu hapako huku kwetu. Pako Kilosa hadi Gulwe, ambako njia inafuata bonde la Mto Mkondoa. Mvua ikizidi huko tuta linaliwa na treni zinasimama, kama ilivyotokea kwenye mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010. Kwa hiyo ukiwa na tiketi ya treni kati ya Desemba na Aprili, mvua ya kufuatilia ni ya Kilosa na Dodoma, hata kama Kigoma jua linawaka. Acha siku mbili kati ya treni na ndege. Kuunganisha siku hiyohiyo ni kuitupa tiketi ya ndege.

Siku hizi kuna njia ya kukwepa bonde hilo: treni ya SGR, yaani reli mpya, iliyoanza kwenda Dodoma mwaka 2024, kisha basi la Dodoma kwenda Tabora, halafu ukipenda uchukue treni ya zamani hapo Tabora. Tabora ndipo reli inapogawanyika kwenda Mwanza na Kigoma, na tawi la Mpanda linachepukia Kaliua, kwa hiyo hakikisha behewa lako linakwenda unakokwenda wewe kabla hujalala.

Juni na Desemba shule zinafungwa na vyumba vya kulala hujaa mapema. Kwa wageni wa Binti Isevya, mwisho wa Septemba hakuna msongamano huo.

Barabara ya Kigoma kwenda Tabora kupitia Uvinza na Kaliua imekuwa nyingine tangu Daraja la Kikwete lilipofunguliwa Malagarasi. Kinachonasa gari wakati wa mvua ni mchepuko wa udongo mahali penye matengenezo. Muulize dereva aliyepita jana. Wa wiki iliyopita habari zake zimeshapitwa.

Mwana Unyanyembe

Mwangaluka wote. Tabora watu huipita kama stesheni, nami naona ni dhuluma. Kwihara, penye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, pako karibu na mjini na panafikika wakati wowote kwa bodaboda. Mengine yote yana msimu.

Asali: mavuno makubwa ni Mei hadi Julai, madogo Novemba na Desemba. Nunua iliyotoka kwenye masega yaliyozibwa nta. Nyuki huziba baada ya kupunguza maji. Asali iliyovunwa mapema au kwenye unyevu ikizidi kama asilimia 20 ya maji huchacha, kifuniko kinavimba, na mgeni anaifungua Dar ikiwa na povu. Ukisafiri, acha nafasi ya vidole viwili juu ya chombo, funga mdomo kwa nailoni kabla ya kifuniko, na kwenye ndege iweke kwenye mzigo mkubwa, mkononi wataikamata.

Uyoga unaanza mvua zikishika, Desemba na kuendelea, unauzwa kandokando ya barabara kwa mabeseni. Nunua kwa mama anayeuza kila siku mahali palepale, usiokote mwenyewe porini. Maembe huja mwisho wa mwaka. Na kitu ambacho hakiuzwi: Septemba na Oktoba miombo huchipua majani mapya kabla ya tone la kwanza la mvua, mengine mekundu kabisa. Joto la wakati huo ni kali, kwa hiyo tembea asubuhi hadi saa nne, halafu tena baada ya saa kumi.

Anayetaka Hifadhi ya Ugalla aje Juni hadi Oktoba. Mvua zikija mto hutapakaa na njia zinafungwa na tope. Avae nguo za kaki au kijani, maana mbung'o hufuata buluu na nyeusi. Dawa ya mbu ya kupaka haiwazuii vya kutosha. Nguo nene ndiyo kinga.

Binti Isevya

Asante sana kaka zangu. Bado mambo mawili: malaria na kuogelea. Na je, wakija na jaketi la baridi si mzigo bure, maana Kigoma ni joto?

Mwandiga Juu

Jaketi waje nalo. Ukingo wa Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200, na wakipita hapo hata Septemba asubuhi watatetemeka. Wakifika Kigoma waliweke chini ya begi.

Malaria huku ipo mwaka mzima, na hupanda mvua zinapoelekea kuisha. Kwenye utafiti wa kitaifa wa 2022 Tabora ndiyo iliyoongoza kwa maambukizi, kwa hiyo ukavu wa Septemba usiwafanye waache vidonge vya kinga. Vidonge viendelee na baada ya kurudi, kwa siku walizoandikiwa, kwa sababu vijidudu hujificha mwilini kabla ya kujitokeza. Homa yoyote ndani ya miezi mitatu wapime, na wamwambie daktari walikuwa wapi.

Kuogelea: kichocho kipo ziwani. Konokono wake hupenda maji yaliyotulia yenye majani na karibu na makazi. Penye mawe, kina na maji yanayosukwa hatari hupungua, haiishi. Wajikaushe kwa taulo mara tu wanapotoka. Wakiingia majini, wasimeze prazikwanteli, dawa ya kichocho, kesho yake wakadhani wamemaliza: dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa, changa hupona. Wapime na kutibiwa kuanzia wiki ya sita hadi ya nane baada ya kuogelea mara ya mwisho, na kwa ratiba yako hiyo ni mwishoni mwa Novemba, wakiwa kwao. Waandikie kwenye karatasi waende nayo, daktari wa huko hatawaza kichocho asipoambiwa.